Watu Wawili wa Kwenye Kishikwambi

...wawili, eti watu wawili, ndivyo kishikwambi kinavyosema kuhusu nyumba ya mama yangu kule Adelphi, mtaa wa huku ughaibuni, kwa kuhesabu simu zilizowashwa, na Christopher, bosi wetu, anachekelea mbele ya ramani kama bwana harusi, anauliza kuna mwenye swali, kahawa inanukia chumba kizima, tumemaliza zoezi la kuigiza ajali, lori la klorini limepinduka, wingu limetambaa kwenye kioo, chombo kimepanga nani atolewe kwanza, na jengo la mama limewekwa mwisho kabisa kwa sababu mchana eti karibu hakuna watu, wako kazini, na Jumatatu zimamoto wanakabidhiwa vishikwambi hivi hivi, wakati klorini ni gesi nzito, inashuka, na mama anakaa chini kabisa, nusu ya dirisha lake imezama ardhini, na magoti yake yale... hakuna watu? Jumamosi mchana palikuwa na msiba pale, kaka yake Mama Bupe, jirani yetu, kafia Mbeya, na akifa mtu nyumbani tunakusanyika wapi sisi kama si kwa mama, watu sebuleni, watu jikoni, wazee kwenye mkeka, watoto wamelala juu ya makoti, simu zimezimwa kwa ajili ya sala, hao wote ndio wawili? nani alikuja kutuhesabu, upumbavu mtupu... "Dada Elieth, please usianze," Boniface, mwenzangu wa kazini, ananinong'oneza, "acha wa-approve kwanza, tutarekebisha baadaye," baadaye lini, tukishazika? na huyu Boniface, Mungu wangu, huyu huyu aliyekula pilau ya msiba sahani mbili amesimama kwenye ngazi kwa kukosa pa kukaa, leo anaitikia kwa kichwa kwamba nyumba ni tupu, nina hasira mpaka masikio yanawaka, nilipoingia humu nilisema nitafunika kombe mwanaharamu apite, mkataba wangu unakaribia kuisha, nani anataka maneno, lakini mwanaharamu huyu hapiti, anashuka na gesi mpaka dirishani kwa mama... Christopher bado anatuangalia mmoja mmoja, kuna mwenye swali, hapana, kwake sina swali, swali langu ni la Boniface, nitauliza kwa sauti, kwa Kiingereza, wote wasikie, Jumamosi mchana, ndugu yangu, wewe ulikuwa wapi?