Mawaridi ya Jumuiya

Kwa miaka saba hapakuwa na meza nzuri kuliko ya Selina katika jumuiya yao ya Msimbazi. Kila Alhamisi Wakatoliki wa mitaa ile walisali nyumba kwa nyumba, na zamu ya Selina ilipofika walikuta kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, msalaba, mshumaa, na maua ya plastiki aliyoyanunua Kariakoo mwaka ule bidhaa za Dubai zilipoanza kumwagika madukani. Kila Jumamosi aliyaosha kwa sabuni ya unga, jani kwa jani.

Halafu akaja Victoria.

Victoria alipanga chumba cha mkabala na chao, katika nyumba ileile ya Mtaa wa Sikukuu. Alikuwa mjane mwembamba kutoka Ndanda, hana mtoto, anafua mashuka kwenye hoteli moja mjini. Siku alipoipokea jumuiya kwa mara ya kwanza, aliweka mezani mawaridi mabichi saba tu, mekundu na ya njano, ndani ya kopo la maziwa alilolizungushia kipande cha kanga. Mashina alikuwa ameyakata mengine mafupi, mengine marefu kidogo, na katikati amechomeka majani ya mpera wa pale uani.

"Jamani, haya umeyatoa wapi?" aliuliza Bibi Skolastika, mwenyekiti wa jumuiya.

"Dukani kwa Ghanshyam, karibu na Mnazi Mmoja. Yanatoka Arusha. Yenye kasoro hayapandishwi ndege kwenda Ulaya, basi yanaletwa huku. Bei yake kama fungu la nyanya."

Watu wakacheka, Selina naye akacheka. Lakini walipokuwa wanavuka ua kurudi chumbani kwao, mume wake akasema, "Yule dada ana mkono."

Melkiori alikuwa anashona nguo barazani tangu alipopunguzwa kiwandani, na hakuwa mtu wa maneno. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa, tangu kabla binti yao Koleta hajazaliwa, Selina hakukumbuka siku aliyosifia chakula, wala nguo, wala yale maua ya plastiki. Na sasa katoa sifa, kampa mtu wa chumba cha pili. Usiku ule Selina aligeukia ukutani, usingizi ukamkataa.

Zamu yake ilipofika alidamka kwenda kwa Ghanshyam. Mke wa mwenye duka alifungua friji la soda akamtolea mawaridi.

"Nipe mafungu manne," Selina alisema.

"Manne? Una harusi, mama?"

"Sala tu."

Yule mama akayafunga kwenye gazeti. "Ukifika nyumbani kata mashina kidogo, uyaweke kwenye maji haraka. Majani ya chini yatoe. Yule dada mwembamba anafanya hivyo, yake yanakaa siku sita."

Selina alikuwa karibu kushukuru. Aliposikia habari za dada mwembamba alichukua kifurushi chake akaondoka, na njia nzima akaapa kwamba hatakata hata shina moja.

Aliyasukumiza yote kwenye chombo kimoja, yakabanana kama abiria wa basi mwisho wa mwezi, kisha akafunga mlango ili Victoria asiyaone. Bati la paa lilikuwa limeshaanza kuchemka kwa jua.

Saa tano Bibi Skolastika alipita. "Leo tunaanza saa tisa, siyo saa kumi na moja. Jioni kuna kikao parokiani. Mwambie na Victoria."

"Nitamwambia, bibi."

Haikupita nusu saa Victoria akabisha hodi. Alikuwa na mapumziko siku hiyo. "Mama Koleta, nikusaidie kupanga meza? Halafu nitakaanga vitumbua vya chai."

Selina alisimama mlangoni, ameziba nafasi kwa mwili wake. "Wala usijisumbue, dada. Tutaonana saa kumi na moja."

Victoria akachukua kikapu na karai, akaenda sokoni, akakaangie hukohuko kwenye jiko la mama ntilie.

"Victoria umemwambia?" Melkiori aliuliza wakati wa chakula.

"Nimeshamwambia."

Saa tisa watu wakajaa. Mawaridi yalikuwa yameinamisha vichwa, na mengine yakawa yanadondosha petali juu ya kitambaa katikati ya Baba Yetu. Walikuwa kwenye wimbo wa mwisho Victoria alipotokea mlangoni, sahani ya vitumbua mkononi, bado vina moto.

"Mbona umetutupa?" akauliza Bibi Skolastika. "Si uliambiwa saa tisa?"

"Mimi niliambiwa saa kumi na moja."

Macho yote yakamgeukia Selina.

"Nilisahau," alisema.

Melkiori akainamisha uso, akatazama viatu vyake. Hilo lilimuuma Selina kuliko macho ya wengine wote.

Watu walipotawanyika Selina akamwambia mumewe, "Sema basi."

"Niseme nini? Umenidanganya hata mimi."

"Ulimsifia! Mimi umenisifia lini, Melkiori?"

Melkiori alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua," alisema.

Selina alivuka ua. Victoria alikuwa anasugua karai, hakuinua kichwa.

"Kama ni maua, Mama Koleta, mimi nitaacha kuyanunua," alisema. "Lakini sala usinifungie. Mjini hapa sina ndugu wengine."

Selina akarudi chumbani, akaanza kuokota petali zilizodondoka kwenye kitambaa.

Alhamisi iliyofuata, nyumbani kwa Bibi Skolastika, alisimama kabla ya wimbo wa kwanza. "Wiki iliyopita sikusahau. Nilimficha Victoria saa ya sala makusudi. Nilimwonea wivu." Mtu akakohoa. Bibi Skolastika akasema, "Haya, keti, mwanangu," wakaimba. Victoria hakumtazama.

Kwa wiki nyingi salamu zao zilikuwa fupi, za pembeni ya mdomo. Melkiori naye alianza kusifia kila kitu, hata uji, mpaka Selina akamwomba apunguze. Victoria hakuacha kununua maua, na wivu haukuisha. Kila jumuiya ilipokaa mbele ya mawaridi ya Victoria, Selina alijikuta akiyahesabu.

Asubuhi ya Jumamosi Kuu, kabla ya mkesha wa Pasaka, Victoria, aliyepewa kazi ya kupamba kanisa, alitoka chumbani na ndoo mbili zilizojaa maua. Akasita katikati ya ua.

"Mama Koleta, hizi siziwezi peke yangu."

Selina alifuta mikono kwenye kanga, akashika ndoo moja. Wakatoka, kila mmoja na yake, bila maneno mengi, wakipishana na mikokoteni hadi kanisani.