Ukurasa Aliouacha Dominiko

Kiwanda kilipobinafsishwa na makarani wakawa wa kwanza kuoneshwa mlango, Dominiko alirudi kwake Mafiga, mtaa wa mjini, na vitu viwili: taipureta kuukuu aliyopewa badala ya asante, na heshima ya ukarani, ambayo hakuna aliyempa lakini aligoma kuivua. Watu wakaanza kumletea shida zao awaandikie. Barua ya kudai mafao, barua ya kumtoa mpangaji mkorofi, barua ya kukata rufaa. Sheria hakusomea, ila aliijua lugha ya waliosomea, na mtaani hapo hilo lilitosha.

Kisha ikafunguliwa intaneti kafe karibu na soko, na mtu akageuka mtu mwingine. Janeth, binti aliyekaa kaunta, alimfundisha kutafuta, na haikupita miezi sita Dominiko alikuwa na daftari zima la anwani za tovuti. Ya Bunge, zilikowekwa sheria za nchi. Za mahakama za nje, ambako hukumu zilisomwa bure. Ya chuo fulani cha Ulaya chenye kamusi ya maneno ya kisheria. Daftari alilifunga kwa mpira na hakumwazima mtu. Ukimwuliza jambo, hata la mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, alijibu, "Ngoja nikaangalie kwenye mtandao," kwa sauti ya daktari anayekwenda kusoma vipimo. Tumcheke, lakini haki yake tusimnyime: wajane wawili wa mtaa ule walipata mafao yao kwa daftari hilohilo.

Mwezi wa nne dada yake Regina, aliyebaki kijijini kwao Matombo, alimpigia kwa simu ya jirani. Shamba la bondeni lilikuwa limeingia mgogoro.

Shamba lile la migomba, iliki na pilipili manga lilikuwa la ukoo wao. Mjomba wao Ezekiel alilishika kwa niaba ya wote hadi alipofariki. Na kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama: mjomba akiondoka, shamba hurudi kwa watoto wa dada yake, si kwa watoto wake wa kuzaa, maana hao wana ukoo wa mama yao. Lakini Jastin, mwana wa mjomba, hakutoka. Tangu biashara ifunguliwe na wanunuzi waanze kupanda mlimani wenyewe na malori, pilipili manga ilikuwa na bei, na Jastin akasema mwanamke hawezi kulinda mali kama ile. Regina alikuwa na wajukuu wanne yatima, na shamba jingine la maana hakuwa nalo. Likienda lile, wamekwisha.

"Tuko Baraza la Kata," alisema Regina. "Mawakili hawaruhusiwi, ila ndugu anaruhusiwa. Njoo tu usimame na mimi, Domi. Mzee Kasimiri ataeleza ukoo."

"Mzee Kasimiri mwache apumzike," alijibu Dominiko. "Siku hizi hawasikilizi hadithi, dada. Wanataka karatasi."

Akaenda kutafuta karatasi. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzito, na faili la sheria ya ardhi ya vijiji likagoma kufunguka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu mwingine angerudi kesho. Dominiko aliingia kwenye tovuti nyingine, akaangukia kifungu kilichomfanya akae wima: watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, watagawana sawasawa mali ya baba yao. Macho yake yakanasa kwenye "wa kike" na hayakusogea tena. Jastin si anasema mwanamke hawezi? Basi hii ndiyo dawa yake. Tena aliipenda sheria ile kwa sababu aliwaza nyumba yake mwenyewe ya Mafiga, na binti yake Glory aliyetaka airithi. Miaka ishirini ya mjini ilikuwa imemsahaulisha kwamba bondeni kule haikuwa habari ya baba hata kidogo.

"Mzee," alisema Janeth, "hapa juu pameandikwa Sheria za Kenya."

Alikuwa ameshaona. Aliona kabla ya Janeth, na akajitia hamnazo.

"Sisi na Kenya tulitawaliwa na Mwingereza yuleyule," alisema. Kisha akashusha sauti. "Printi tu."

Mashine ikatoa kurasa zote. Ule wa kwanza, wenye jina la nchi, aliutenga, akaukunja mara nne na kuutia mfuko wa shati. Kuutupa hakuweza. Karani hatupi karatasi, hata ile inayomsuta.

Barazani alisalimia, akasimama na kusoma kifungu kwa Kiingereza, kisha akakitafsiri kwa Kiswahili cha madaha. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima. Regina, kwenye benchi la mbele, alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, ingawa Kiingereza hakukijua, na uso wake ulimng'aa kwa sababu mdogo wake anasoma mbele za watu.

Jastin akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kaka Dominiko arudie pale pa watoto wa marehemu."

Dominiko akarudia, polepole, kwa kujidai.

Bi Mwaisha, mwenyekiti, alikuwa mwalimu mstaafu na alizoea kumwuliza mtoto swali dogo hadi ajikamate mwenyewe. "Marehemu katika shauri hili ni nani?"

"Mjomba wetu, Ezekiel."

"Na mtoto wake ni yupi humu ndani?"

Hapo ndipo Dominiko alipoona. Aliona lote kwa mara moja. Mtoto wa Ezekiel alikuwa Jastin. Karatasi yote ile, kutoka mstari wa juu hadi wa chini, ilikuwa ikimtetea Jastin.

"Mimi sheria hiyo naikubali," alisema Jastin, na kukaa. "Sina swali."

"Basi naiweka kwenye jalada kama ushahidi wa upande wa Regina," alisema Bi Mwaisha, akanyoosha mkono kuipokea.

Regina bado alikuwa akiitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa, na hilo ndilo lililomchoma Dominiko kuliko yote. Angeweza kuitoa karatasi, akakaa, na kusema baadaye kwamba baraza lilihongwa. Dada yake angemwamini. Aliingiza vidole mfukoni.

"Mwenyekiti, kuna ukurasa mmoja haumo."

Bi Mwaisha akaukunjua na kuusoma bila haraka. "Hii ni sheria ya Kenya. Huu ulisahaulika?"

Alikuwa amemfungulia mlango, mama wa watu. Kilichobaki kilikuwa kusema ndiyo tu.

"Haukusahaulika," alisema Dominiko. "Niliuficha."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Alitazama chini, akaona viatu vyake vya mjini, vilivyong'arishwa asubuhi kwa ajili ya siku ile, na akatamani ardhi immeze, hiyohiyo wanayoigombea.

Bi Mwaisha alichukua kijitabu kilichokuwa mezani kwake. "Sheria ya ardhi ya vijiji hii hapa, kwa Kiswahili. Inatambua mila za mahali. Ungeniuliza ningekuazima." Akairudisha karatasi ya Kenya mikononi mwa Dominiko. "Hii siipokei. Sasa nani ataeleza ukoo? Mzee Kasimiri yuko wapi?"

"Nilisema asiitwe," alisema Dominiko.

"Basi tutajie wewe. Kina mama walioshika shamba lile, kuanzia wa kwanza aliyefyeka msitu."

Alimtaja Scholastika, mama yao. Akamtaja Yustina, bibi yao. Akamtaja mama wa Yustina, Anastazia, aliyebatizwa misheni akiwa mzee. Kisha majina yakamwishia, mwanasheria wa Mafiga, na daftari lake lenye mpira kwapani.

Regina akainuka. Aliwataja saba, akianza na yule wa msitu, na kwa kila mmoja alitaja mgomba au mti aliouacha. Wajumbe wawili wazee waliitikia, kwa kuwa waliyajua majina yale kabla hajayatamka. Jastin mwenyewe aliinamisha kichwa, maana na yeye alikua akiyasikia. Kabla ya adhuhuri baraza lilisema shamba lirudi kwa Regina, na Jastin avune kilichokomaa kisha atoke.

Njiani kushuka Regina hakumsema. Alimfungia mkungu wa ndizi wa kwenda nao, kama siku zote. Walipofika barabarani tu ndipo aliposema, "Nilikuita unisindikize, Domi. Sikukuita unijulie."

Mjini, siku ya tatu, alikaa mbele ya kompyuta ya Janeth na daftari, ukurasa mtupu, akitaka kuwaandika wale saba. Aliandika watatu. Jina la nne lilikuwa limemtoka, na hakukuwa na tovuti ya kuiuliza. Akatoka nje, akapiga simu ya jirani, akangoja dada yake aitwe.

"Dada, nimewasahau."

Regina akaanza kumtajia, neno kwa neno, kama anayemsomesha mtoto, naye akaandika akiwa amechuchumaa ukutani, daftari gotini. Walipofika mwisho akashukuru, akataka kukata.

"Ngoja," alisema Regina. "Hebu nisomee. Na uanze na wa kwanza, nisikie kama umemwandika."