Hotipoti ya Bwana Kavu

Watu walimwita Bwana Kavu, na jina likamkaa. Mwongoza wageni gani huyu, kutwa yuko ziwani na kasia lake, na kutwa anahubiri ukavu? "Fataki ya dharura ikilowa," alikuwa akisema, "utabaki kupunga mkono kama bibi harusi." Mifuko ikamvujia, makopo yakamvujia. Mwisho akaiangukia hotipoti ya mkewe: mfuniko wenye mpira, ukikaza haliingii hata tone. Akatia humo fataki zake tatu za moshi, akalala usingizi wa pono.

Siku ya ukaguzi wa leseni ikafika, na huo ulikuwa wake wa tatu. Mara mbili alishafelishwa kwa fataki zilizolowa; akifeli tena, leseni ndiyo kwaheri, arudi kuuza misumari dukani kwa shemeji yake, yule anayemwita "nahodha" mbele ya wateja.

"Jipindue na mtumbwi wako," mkaguzi aliamuru kutoka mtumbwi wa pili.

Kavu akajipindua, akaibuka akitema maji, akaichomoa hotipoti chini ya kiti na kuifungua.

Maharage. Ya moto, yanafuka.

Lahaula! Jikoni hotipoti zilikuwa mbili, pacha, naye asubuhi kwa kiherehere chake alibeba chakula cha mama mkwe.

Mkaguzi akachungulia, akaonja kwa kidole. "Chombo hakivuji, hilo nakupa. Lakini bwana, utaomba msaada kwa maharage?"

"Mkuu, nisikilize..."

"Ishara lazima ionekane kilomita mbili." Akachomoa kalamu. Machozi yakamlengalenga Kavu.

Mara, kule ufukweni, juu ya mtaa wao, ukapanda moshi wa rangi ya chungwa, mnene, ukafunika mapaa. Kalamu ikaganda hewani.

"Ile nini tena?"

Kavu akakinga macho kwa kiganja, akatazama. "Nadhani mama mkwe alitaka kula. Kafungua hotipoti ya pili, kaona kamba ya fataki, kavuta."

"Fataki zako? Zimekaa humo tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa nne sasa."

Mkaguzi akapima umbali kwa jicho. "Chombo hakivuji, fataki zinawaka. Masharti hayasemi viwe pamoja." Akaweka fomu gotini, akaigonga muhuri. "Umefaulu!"

Kavu akapiga yowe la furaha, nusura apinduke tena. Kisha sauti ya mwanamke ikavuka maji kutoka kule kwenye moshi, ikimwita kwa jina lake kamili, la baba na la babu.

Mwongoza wageni mwenye leseni akageuza mtumbwi, akapiga kasia kwa nguvu zote kuelekea ng'ambo ya pili.