Plaki Iliyohamia Kawale

Maneno yenyewe Maombi aliyasikia kwenye foleni ya maji, na tangu siku ile yalimkaa kichwani kama ukoko wa nsima, ugali wa Malawi, chini ya sufuria: unasugua, hautoki.

"We Mama Gabi, unalalaka tu," Nibigira alimwambia, akisogeza ndoo yake kwa mguu. Nibigira alikuwa jirani yake, Mrundi, mwanamke wa moyo mzuri na mdomo usio na kifuniko. "Hujasikia ya Léonidas? Bamemufungia dosye. Alibakiza tu kupanda ndege. Na unajua juu ya nini? Juu ya plaki."

"Plaki gani?"

"Ile ya jua, ya shirika. Si iko juu ya nyumba yake kama kofia? Bazungu bakapita, bakaona, bakasema: huyu mutu ameshajenga, iko na taa, iko na radio, anatafuta nini tena kwetu? Akae Malawi. Njo hivyo."

"Nani amekuambia?"

"Bantu bote banasema! Lisemwalo lipo, mama, na kama halipo linakuja."

Maombi akageuka kutazama upande wa kwake. Juu ya nyumba yake mwenyewe ilikuwapo plaki kama hiyo, na ilikuwa bado inang'aa upya.

Wakati huo shirika moja lilikuwa limeleta mpango kwenye kambi yetu ya Dzaleka na vijiji vya jirani, ili nyumba za watu wadogo na vikundi vya ushonaji vipate umeme wa jua. Shirika lilibeba mzigo mkubwa wa bei, mwenye nyumba akaongeza kidogo kidogo kadiri ya nguvu zake. Unapata plaki, taa mbili na waya wa kuchajia simu. Siku Épitace, fundi wao, alipoifunga kwa Maombi, jioni yake haikuwa na mfano. Kuta za nyumba zilikuwa zimebandikwa magazeti ya zamani kuzuia vumbi la matofali, na Gabriella, binti wa miaka tisa, alizisoma kuta zote kwa sauti, Kichewa na Kiingereza, kuanzia mlangoni mpaka kitandani, neno asilolijua akilipigia mstari kwa kalamu ya risasi. Mdogo wake Divin alikimbiza kivuli chake hadi akaanguka kwa kucheka.

Lakini dosye ni dosye: ndiyo faili ya kuhamishiwa nchi za ng'ambo. Maombi alitoka Fizi, Kongo. Vita viliporudi milimani vilimchukua mumewe, Valentin, mbele ya ghala lao la mihogo, naye akashuka ziwani na Divin mgongoni na Gabriella mkononi. Akavuka, akapita Tanzania, akafika hapa. Kila simu iliyotoka kule ilileta jina la kijiji kingine kilichochomwa. Nyuma kulikuwa na moto, hapa kulikuwa na njaa ya kugawiwa, na mbele kulikuwa na hiyo ndege tu. Intavyu ya kwanza alikwisha kuifanya. Walimwambia angoje kuitwa.

Angeweza kuuliza. Ofisi ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja wa mpira. Lakini aliwaza hivi: ukiuliza habari ya plaki, umeshajitaja kwamba unayo. Wakimbizi wengi tunawaza hivyo. Tumekwisha kuzoea kwamba anayejitokeza ndiye anayeonwa.

Jumamosi akapanda juu ya kigoda, akaifungua plaki kwa kisu, akazungusha waya, akaifunga yote ndani ya blanketi. Kabaza, baiskeli ya abiria, ilimpeleka mpaka barabarani. Kwenye minibasi kondakta aliuliza kama kile ni kioo cha bibi harusi, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao huku ameikumbatia mpaka wakapita Lumbadzi na kuingia Lilongwe.

Robert, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi nguo Kawale, mtaa wa mjini humo, akipanga nyumba isiyo na umeme.

"Shemeji, mi nakuwekea tu," Maombi alimwambia. "Usiiuze. Bazungu bakimaliza mambo yao nitakuja kuichukua."

Robert alilifunua blanketi, akatikisa kichwa. "Kumbe hata jua linakuwaga mukimbizi! Haya. Niitumie kidogo, ama inalala tu?"

"Tumia."

Jioni ile Gabriella alisimama katikati ya nyumba akitazama pale taa ilipokuwa ikining'inia.

"Mama, taa yetu imeenda wapi?"

"Imeenda kutembea."

"Itarudi?"

"Siku tukipanda ndege utaona taa mpaka uchoke."

Mtoto akachukua kitabu chake. Mtihani wake ulikuwa karibu. Akawasha mshumaa.

Baada ya siku chache Épitace akapita kukagua. Alisimama nje, mkono juu ya macho, akitazama juu ya nyumba.

"Mama Gabriella, kofia ya nyumba iko wapi?"

"Nimemuazima shemeji, Kawale. Iko na mugonjwa."

"Hii wiki wagonjwa wamekuwa wengi," Épitace akasema. "Kila nyumba ninayofika, plaki iko kwa shemeji. Mama, jua si la Malawi. Ni lile lile lilikuwaga Fizi. Munaliogopea nini?"

Swali lilimfika Maombi kwenye meno: je, ni kweli wanafunga dosye? Akalimeza. "Itarudi," akasema, na Épitace akaenda zake.

Jioni ya balaa ilianza kama ya kawaida. Maombi alikwenda kuchota maji. Divin alikuwa amelala kitandani. Mbu walikuwa wengi, basi Gabriella aliingia chini ya chandarua na kitabu chake, mshumaa akausimamisha juu ya kifuniko cha kopo la maziwa. Mwali ukagusa chandarua. Chandarua cha nailoni hakiwaki kama karatasi. Kinayeyuka, kinadondoka, na kinapodondokea kinashika. Gabriella alimsukuma kwanza mdogo wake akaanguka chini, ndiyo maana Divin leo hana alama hata moja. Kisha akatoka yeye.

Maombi alisikia kilio akiwa njiani. Alifika na ndoo imejaa kichwani. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono mbali na mwili, chandarua kimemshika kifuani na shingoni. Mama alishusha ndoo, akaiinua kwa mikono miwili ammwagie.

"Apana maji!" Nibigira akamdaka mkono. "Usimumwangie! Maji itaingiza moto ndani!"

"Atavimba!" mwingine akasema. "Leteni dawa ya meno!"

"Yai! Nani iko na yai?"

Walikuwa wengi, na wote walimpenda yule mtoto. Maombi akaiweka ndoo chini. Wakampaka dawa ya meno kifua kizima, nyeupe, wakimpepea kwa kitenge, wakiomba kwa Yesu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yale hayakumwagika. Ndoo ilibaki mlangoni imejaa mpaka juu, na gari lilipokuja kuwachukua, mtu aliisogeza kando lisiigonge.

Katika hospitali kubwa ya Lilongwe, nesi aliondoa ile dawa ya meno polepole, kwa maji, huku mtoto akilia sauti ndogo ya paka. Aliuliza kwa upole, "Mlimmwagia maji palepale? Ya baridi, kwa muda mrefu?"

"Apana," Maombi akasema.

Nesi hakumkaripia. Aliendelea na kazi yake tu. Ingekuwa heri angemkaripia.

Jioni ya pili Robert alimchukua Maombi kwa nguvu akale na kuoga, maana alikuwa hajatia kitu mdomoni. Walipofungua mlango kule Kawale, nyumba ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Watoto wa Robert walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mkeka, wakiandika. Kalamu zao zilikuwa na vivuli.

Maombi alisimama kizingitini.

"Shemeji, ingia," Robert akasema.

"Zima."

"Nini?"

"Ile taa. Zima, nakuomba."

Robert akaitazama taa, akamtazama yeye, na sura yake ikabadilika. Akazima. Walikula gizani, watoto wakitafuta sahani kwa vidole, hakuna aliyelalamika.

Siku ya mwisho Gabriella aliuliza, "Mama, taa imerudi?"

"Imerudi, mama yangu."

"Nani anasoma?"

"Inakungoja wewe."

Hakumaliza wiki. Walimzika Dzaleka, na akina mama wa Fizi wakamwimbia kwa Kibembe, lugha aliyokuwa ameanza kuisahau.

Matanga hayajapoa, simu ikaja. Intavyu. Maombi alikaa mbele ya mama wa ofisini na mkalimani wake, kitambaa cheusi kichwani.

"Mko watu wangapi nyumbani?"

"Babili."

"Dosye inasema watatu."

Akaeleza. Yule mama aliweka kalamu chini, akangoja. Hapo Maombi, ambaye hakuwa na kitu tena cha kuficha, akauliza lile swali alilolimeza. Mkalimani ilibidi amwombe arudie, maana hakuelewa plaki inaingiaje.

Jibu lilikuwa fupi. Hakuna anayeangalia juu ya nyumba ya mtu. Hakuna aliyewahi kuuliza habari ya taa. Dosye hufungwa kwa mambo mengine, na ya kila mtu ni yake. Léonidas mwenyewe alikuja kusema kanisani, akiinamisha kichwa: alikuwa amejiandikisha Tanzania pia, kwa jina lingine. "Plaki ilikosa nini?" alisema. "Ni mi nilikosa."

Robert aliirudisha ndani ya blanketi lile lile. Épitace akapanda, akaifunga. Jioni taa ikawaka, na Maombi akaona kwenye kuta, kimo cha mtoto wa miaka tisa, ile mistari ya kalamu ya risasi chini ya maneno. Ilikuwa inaendelea kutoka mlangoni mpaka karibu na kitanda, ikakoma.

Siku hizi akifika kwenye foleni ya maji anasema, wenzake wakitaka wasitake. Nibigira husimama karibu naye na kuitikia. Haya ndiyo anayoyasema:

Usiingize mshumaa wala koroboi ndani ya chandarua.

Usimwache mtoto na moto, hata kama unakwenda hapo tu.

Mtoto akiungua, usipake dawa ya meno, wala yai, wala unga, wala mafuta. Mmwagie maji safi ya baridi, palepale, kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Usivute nguo iliyoshika ngozi.

Usimshike mkono mama mwenye ndoo.

Usishushe plaki yako kwa maneno ya foleni, wala usikatae msaada wa taa kwa kuogopa dosye.

Usimeze swali. Ofisi iko ng'ambo ya uwanja wa mpira.