Pingili Zilizozikwa kwenye Samadi

Harufu ndiyo iliyompokea. Mjane alikuwa hajaweka hata begi chini, ametoka kumlea binti yake aliyejifungua, pua ikamwambia kuna mtu kagusa vitu vyake.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Rafu ya kivulini ilikuwa tupu. Pale ndipo alipozilaza pingili za mtunda joka, mti wa miiba unaotambaa ukutani, kabla ya safari, ili zikauke pale zilipokatwa. Pingili ya mtunda joka ikikatwa ni kidonda kibichi. Ukiifukia hivyo hivyo, inaoza. Sasa zote zilikuwa zimesimikwa kwenye ndoo za samadi nyeusi, maji yakielea juu.

Na hapo kando, kopo la kumwagilia mkononi, alisimama shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mtaa mzima ulimwita Chapchapu.

"Shem, umerudi! Uliziacha zinanyauka, nikaona huruma. Samadi imetoka moja kwa moja bandani. Namwagilia asubuhi na jioni. Zitashiba hizo!"

"Nani kakutuma?"

"Mimi ni mtu wa kutumwa hapa?"

"Zitashiba kwa mdomo gani?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na waliomjua walijua ni heri angepiga kelele. "Hazina mzizi hata mmoja, Chapchapu. Samadi mbichi ina moto, umezichemsha."

Damu ilimpanda mjane mpaka masikioni. Maana mti wenyewe, uliopandwa na mumewe ukapanda ukuta hadi juu, ulikuwa umefyekwa na huyu huyu. Alikuja kukarabati ukuta, akauita miiba, akaumaliza bila kuuliza. Pingili hizi mjane aliziokota kwenye rundo la takataka kabla halijawashwa moto. Hakukuwa na nyingine. Zikifa hizi, mkono wa mumewe umekwisha kabisa katika ua ule.

"Kaa chini. Zitoe."

"Nina mtu ananisubiri, shem..."

"Asubiri. Kwa mikono yako, si kwa jembe."

Akachutama, akachomoa moja baada ya nyingine, pua ameikunja. Chini zilikuwa zimelainika kama ndizi iliyopondeka. Mjane alipitisha kisu motoni, akakata sehemu iliyooza, akakata tena, akitafuta kijani safi. Kwenye nyingi hakukipata. Kila aliyoitupa, aliitupa karibu na miguu ya shemeji yake, aione vizuri.

Ilibaki moja, fupi kama kiganja.

Aliilaza rafuni ikauke upya. Shemeji akapewa chekeche na mchanga mnene uliobaki kwenye ukarabati wake mwenyewe.

"Uoshe mpaka maji yatoke meupe. Halafu uchanganye na makapi ya mpunga yaliyochomwa."

"Mchanga na makapi? Sasa humo itakula nini?"

"Haili. Inatafuta. Ikikosa, ndipo inatoa mizizi. Chakula baadaye."

Alipomaliza, jasho linamtiririka, alinyoosha mkono kuaga. Mjane hakuupokea; alifungua kiganja chake.

"Ufunguo wa geti la nyuma."

"Shem! Kaka alinipa mwenyewe, wakati anaumwa."

"Alikupa uje kumgeuza kitandani. Ameshapumzika. Nipe."

Akautoa, uso umemshuka. Mjane akautia kwenye uzi, akauvaa shingoni.

Jioni ile alisali. Alifika mahali pa kumsamehe shemeji yake, akakwama. Akaanza upya, akakwama pale pale. "Mungu wangu, unaniona," akasema, akalala.

Pingili ilipokauka ikapandwa kwenye kopo la mchanga ule. Hakuimwagilia ovyo, alichomeka kidole mchangani, ukiwa na unyevu anaondoka zake. Binti yake akipiga simu, mama anauliza habari za mtoto, kisha anamalizia na za kopo. Ikapita wiki, zikapita nyingine. Asubuhi moja akaishika pingili kwa vidole viwili, akaivuta kidogo. Ikagoma. Akavuta tena, taratibu. Ikagoma kabisa. Mjane akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yakamtoka, na hasira haikuondoka.

Geti la nyuma likagongwa. "Shem, ni mimi. Imeota?"

"Imeshika."

"Alhamdulillahi! Nifungulie basi niione."

Mjane akalinyanyua kopo, akalisogeza mpaka kwenye tundu la geti.

"Tazama hapo hapo."

Jicho likatokea tunduni, likatulia. "Kaka angefurahi," Chapchapu akasema polepole.

"Angefurahi."

Akalirudisha kopo kivulini. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake, na hakuugusa.