Mihuri ya Getini

Mume wa mdogo wangu amezunguka karibu hifadhi zote za nchi hii na hajaona hata moja. Najua ni maneno makali kumsema shemeji, lakini nilikuwemo kwenye gari lake, kiti cha nyuma, na ninayoyasema niliyashuhudia mwenyewe.

Nyumbani tunamwita Mhuri. Ofisini kwake, wanakouza bima, sijui wanamwitaje, na sina haja ya kujua. Jina lilitokana na kijitabu cha idara ya hifadhi, chenye kurasa za maziwa, za milima, za fukwe na za misitu, na kila hifadhi ina kisanduku chake. Ukifika getini, askari anakugongea mhuri. Ukijaza visanduku vyote unapewa beji, na picha yako inatundikwa ukutani makao makuu, ili watu wanaosubiri risiti wapate cha kutazama. Mtu mzima, ana mke, ana kitambi, anahangaikia beji.

Sasa sikiliza anavyotembelea. Anafika getini, anashuka na kijitabu mkononi, anagongewa, anapigwa picha mbele ya kibao, tumbo ndani, kidole gumba juu, anarudi garini. Ndani haingii. Anasema huko ndani njia ni mbovu, na miti ni miti tu, utaitazama mpaka lini. Ukimhoji anakutolea methali: mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Haya, na yeye ameokota. Ameokota wino.

Mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha viatu. Nakaa meza ya mwisho. Kiatu kinanifikia kimeshashonwa, kimebandikwa soli, kimepakwa rangi, na kila aliyekigusa ameshakipenda. Mimi nakikunja, napitisha kidole gumba kwenye mshono, natazama kisigino kama kimekaa sawa, kisha ama nakipitisha ama nakitupa kwenye kreti la vilivyokataliwa. Kreti langu hujaa mapema. Wenzangu wameninunia mpaka wakachoka wenyewe, na kwenye ukoo wanasema ndiyo maana sikuolewa, kwamba kila mchumba aliyekuja nilimkunja nikaona mshono umepinda. Waseme. Hao waliopitishwa bila kukaguliwa ndio akina Mhuri.

Aliyetufanya tupande gari moja ni mama. Mama alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, na baba, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la mizigo. Njia yake ilipita kando ya ziwa moja. Kila akirudi safari alimsimulia mama habari za ziwa hilo, jinsi asubuhi mlima unavyolala ndani ya maji, kichwa chini miguu juu, mpaka hujui upi ni mlima na upi ni kivuli chake. Akamwahidi atampeleka. Mwaka kesho, mwaka kesho, mpaka akafa na ahadi yake mdomoni. Mama hakulalamika. Ila akifungua dirisha asubuhi, kabla hata hajanawa uso, utamsikia anasema peke yake kwamba saa hizi mlima umo majini.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na tumechelewa. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Daktari akamwambia, mama, kama kuna kitu unatamani kukiona, usingoje. Mama hakufikiri hata kidogo. Akasema ziwa.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta wazo la safari. Mumewe alikuwa amebakiza mlima, ufukwe, msitu wenye eneo la kambi, na ziwa hilohilo, basi si twende wote, mama aone ziwa na yeye amalize kijitabu chake. Nilisema mama apelekwe ziwani moja kwa moja, hayo mengine yafuate. Mhuri akanieleza, kwa ile sauti ya kumwelewesha mtoto, kwamba ziwa liko njia ya kurudi, karibu na makao makuu, kwa hiyo ratiba inalitaka liwe la mwisho. Ratiba kaiandika yeye, lakini aliitaja kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Dada, ziwa halihami," akanijibu.

Kweli, ziwa halihami. Nilifunga mdomo kwa sababu gari ni lake na mama alikuwa ameshavaa viatu. Vilikuwa viatu vya kreti langu, nilivyovikataa mwenyewe na kuuziwa kwa bei ya wafanyakazi, cha kushoto kimepinda mshono. Anavipenda kuliko vyote.

Tukaanza na mlima, si ule wa ziwani. Ukungu ulikuwa mzito hata kibao cha hifadhi kilisomeka kwa taabu, lakini Mhuri alipigwa picha yake, kidole juu, nyuma yake weupe mtupu. Angeweza kupigwa mbele ya shuka. Mama aliomba kushuka. Alisimama kando ya gari ameinua uso, akasema hapa pana baridi nzuri. Kabla hajamaliza kuivuta, honi ikalia.

Ufukweni ilikuwa aibu tupu. Wino wa askari ulikuwa umekauka, mhuri ukatoka hafifu, upande mmoja hauonekani. Mhuri akadai agongewe tena. Askari akasema kisanduku ni kimoja na mhuri ni mmoja. Wakabishana kwa muda ambao mtu angeshuka majini, akaoga, akakauka. Nilimwambia mama twende zetu mchangani, akakataa, akasema kuna mawe. Akaniuliza kama maji yako karibu. Nikamwambia si yale pale. Akaitikia eeh, yale pale, akarudi garini akipapasa mlango, na mimi nilikuwa na shughuli ya kumcheka shemeji.

Halafu kambi. Mhuri alikuwa amenunua hema jipya, viti vya kukunja, jiko la gesi na kofia yenye kamba ya kidevuni. Alilisimamisha hema jioni ile kwa kufuata karatasi ya maelekezo aliyokuwa ameishika juu chini. Lilianguka. Akalisimamisha tena, likaegemea mti kama mlevi. Majirani zetu, baba mmoja na wanawe, wakaja kusaidia bila kuombwa, wakalimaliza upesi, na Mhuri akawashukuru kwa kuwaeleza kwamba fito za hema hili zina hitilafu za kiwandani. Kwa kawaida mimi ndiye ninayesema mambo ya hitilafu za kiwandani. Safari hii hitilafu ilikuwa imevaa kofia.

Asubuhi mama alikunywa chai baada ya mimi kumwekea kikombe mkononi. Alisema ndani ya hema kuna giza. Nikakubali, ingawa jua lilikuwa limeshapenya kitambaa chote na mimi nilikuwa nikiona hadi vumbi la mkeka. Mkaguzi wa kiwanda kizima, nikalipitisha hilo bila hata kulikunja.

Tukafika ziwani mapema. Hewa ilikuwa imetulia, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Ilikuwa Jumamosi na makao makuu hufunga mchana, kwa hiyo Mhuri alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Akagongewa. Wino mzuri safari hii, mweusi, kingo zote zimeshika. Akawa anaupuliza ukauke, uso umemwiva kwa furaha, na mdogo wangu akampiga picha ya kibao. Pale getini pana uwanja wa kuegesha magari, na ukisimama kwenye ukingo wa uwanja unaliona ziwa chini kule, kushoto. Upande wa kulia kuna vyoo vipya vyenye paa la bati.

Nilimshusha mama. Akauliza kwa sauti ya chini liko wapi.

"Si hilo hapo mbele, mama," Mhuri akasema, macho kwenye kijitabu.

Mama akageuka kulia. Jua lilikuwa limepiga bati, linawaka. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena taratibu, kama mtu aliyefika mahali pa heshima. Akatazama lile paa la vyoo kwa muda mrefu.

"Linang'aa," akasema. "Baba yenu hakuwa mwongo."

Mhuri akafunga kijitabu. Akasema haya, mama ameshaliona, tupande tuwahi beji.

Niliona hasira ambayo sijawahi kuiona hata siku walipotukata posho. Nilimkasirikia yeye na ratiba yake, nikamkasirikia baba na mwaka kesho wake, nikajikasirikia mimi ambaye kazi yangu ni kuona. Nilitaka kumtukana shemeji mbele ya askari wa geti, na maneno nilikuwa nayo. Lakini mdogo wangu alinitangulia. Mdogo wangu huyu ambaye kwa mumewe kila kitu ni sawa, ambaye nimemdharau miaka yote kwa hilo, aliweka simu chini, akaingiza mkono dirishani mwa gari, akachomoa ufunguo, akauficha kifuani.

"Leo tunaingia ndani," akasema.

Mhuri akasema njia ni mbovu. Akajibiwa tuna miguu. Akasema makao makuu watafunga. Mkewe akamfungulia kiti cha kukunja, akakiweka chini ya kibao cha hifadhi, akamwambia akae hapo, picha yake si inapigwa hapohapo siku zote. Akakaa. Askari wa geti akageuka akajidai anafunga kamba ya kiatu.

Mteremko ulikuwa wa udongo na mizizi. Mama alinishika mkono wa kulia na mdogo wangu akatangulia akiondoa vijiti njiani. Sikutaka kuuliza, lakini nilipomwambia kuna jiwe na yeye akainua mguu juu kupita kiasi, nikauliza tangu lini. Akasema tangu kabla hatujaondoka nyumbani. Anaona mwanga na giza, na kitu kinachong'aa sana anakihisi, basi.

"Ningesema mngeahirisha," akasema. "Mngenirudisha hospitali. Kuta za hospitali nimeshaziona za kutosha."

Mdogo wangu alisikia, akaendelea kuokota vijiti huku mabega yanamtikisika.

Majini mama akavua vile viatu vyangu vya mshono uliopinda, akanikabidhi, akaingia mpaka vifundoni. Akashtuka kwa baridi, akacheka. Akasimama hapo akichezesha vidole vya miguu kwenye matope. Nilidhani hayo yatatosha, kwamba tutasema angalau ameligusa, na watu wakituuliza tuseme hivyohivyo.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia ngoja nimwite mdogo wangu, yeye ndiye mwenye maneno mazuri.

"Huyo atanisifia nisilie. Na mumewe angenisifia hata dimbwi. Nakutaka wewe, ambaye hujasifu kitu tangu nikuzae. Likague."

Nikalikagua. Nilianza na makosa, maana sijui kuanzia kwingine. Nikamwambia kwenye matete kuna chupa za plastiki. Nikamwambia gati la mbao limeoza nguzo, na kuna mpuuzi ameandika jina lake kwa rangi nyeupe juu ya jiwe zuri. Maji ya hapa ukingoni yana tope, hayafai kufulia hata shuka moja. Mama akacheka tena, akasema hayo ya kufulia ameshayaacha, niendelee mbele.

"Mlima umo?"

"Umo."

"Kichwa chini?"

"Kichwa chini, mama."

Akanikamata mkono kwa nguvu za mtu aliyekamua mashuka maisha yake yote. Nikatazama pale mlima unapokutana na kivuli chake, ule mstari, na nikaufanya ninavyofanya mezani kwangu. Nikaupitia polepole kutoka kushoto hadi kulia, nikatafuta palipopinda, palipolegea, palipoachiana. Nilifika mwisho sikuona kitu. Macho yakajaa machozi, nikayafuta kwa mkono wenye viatu, nikaurudia tena kutoka kulia kwenda kushoto, maana kazi ya kukagua kwa machozi haikubaliki. Mdogo wangu alikuwa amefika pembeni yetu na miguu yake majini. Kule juu hakuna honi iliyolia.

"Mama," nikasema, "hili ningelipitisha."

Uso wake alikuwa ameuelekeza sawasawa safari hii, kushoto, kule ulikokuwa mlima.

"Basi nimeliona," akasema.