Sauti ya Kinanda

Wivu wa mapenzi watu wanauelewa. Wivu wa mashine je? Mama Mapacha alikuwa nao, na ulimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Miaka yote katika kiwanda kile cha vifuniko vya makopo ya rangi, yeye na shoga yake Kinanda walikuwa chanda na pete. Kinanda, aliyebandikwa jina hilo kwa sauti yake iliyopenya kelele zote, ndiye aliyeingiza bati chini ya chuma cha kukandamiza. Mama Mapacha alikaa pembeni, mguu kwenye pedali. Kinanda akiita "Mkono!" mguu ulitulia. Akiita "Nje!" mguu ulikanyaga, chuma kikashuka, kifuniko kikatoka. Waliweza kusengenya kiwanda kizima bila mguu kukosea.

Kisha msimamizi akawatenganisha. Kinanda akapewa Bi Harusi, binti aliyetoka kuolewa juzijuzi, na Mama Mapacha akaachiwa Mzee Taratibu, ambaye jina lake lilitosha kumweleza.

Kilichomuuma si wingi wa vifuniko vya wale wawili. Kilichomuuma ni kwamba waliacha kuitana. Kinanda alitupa jicho tu, Bi Harusi akakanyaga. Jicho! Yeye hakuwahi hata siku moja kupewa jicho, alipigiwa kelele. Saa ya chai wale walikaa bega kwa bega wakicheka, naye chai ikamshinda.

Siku msimamizi alipowasifu mbele ya watu wote kwa kujituma, kijiba cha roho kikampanda. Akamfuata mpaka mlangoni mwa ofisi.

"Hao unaowasifu hawaitani," alisema. "Ipo siku mtu ataacha vidole pale."

"Unasema kwa ajili ya usalama au kwa wivu?"

"Usalama," alijibu, na nusu ya jibu lile ilikuwa kweli.

Kesho yake amri ikatoka: asiyeita, arudi kwake. Mama Mapacha alikaa kwenye mashine yake roho kwatu. Acha na wao wapasue koo kama wenzao. Badala ya kumwangalia Mzee Taratibu, alikuwa akiwala wale kwa macho, akingoja kuona watakavyonuna.

"Mkono," alisema Mzee Taratibu kwa sauti yake ya kikohozi, akapeleka mkono kuliweka sawa bati lililokaa upande.

Kwenye mashine ya jirani, Kinanda akaita, "Nje!"

Mguu wa Mama Mapacha ukakanyaga. Haukumuuliza mwenyewe. Ulikuwa umeitii sauti ile miaka mingi mno.

Mzee Taratibu, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa mwepesi. Glavu yake ilibaki chini ya chuma, vidole vya glavu bapa kama karatasi. Mkono wenyewe alikuwa ameukumbatia kifuani, mzima.

"Nilisema mkono," alisema mzee.

"Mimi nilisikia nje."

"Sikusema nje mimi, mwanangu."

Kule jirani Kinanda alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, yeye alishaelewa.

Msimamizi alipoelezwa, alijishika kiuno akafikiri. "Kama mguu wako unasikia sauti moja tu, basi," alisema mwishowe. "Kinanda, rudi kwa mwenzako. Bi Harusi atakaa na mzee."

Aibu ilikuwa imemfika Mama Mapacha shingoni, lakini chini ya aibu furaha ilimpanda, hata akajionea haya. Akachukua kitambaa akaanza kufuta pale Kinanda alipozoea kusimama.

Kinanda hakusogea. Aliitazama ile glavu, kisha akamtazama shoga yake, bila hasira.

"Nilikuona," alisema, na sauti yake safari hii ilikuwa ya chini. "Ulikuwa unatutazama sisi. Nakupenda, mwenzangu, unajua. Lakini mkono wangu siuweki tena chini ya mguu wako."